Anayefunga alarmu nyumbani, ni nani aliyempa ruhusa?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, tuseme leo asubuhi mtu amegonga mlango wako. Anabeba ngazi, mashine ya kutoboa ukuta na sanduku la waya. Umemwita mwenyewe, sababu wezi wamepita kwa jirani mara mbili, na sasa umenunua alarmu. Mtu huyo atazunguka vyumba vyote. Ataona dirisha lisilofunga vizuri, ataona mahali televizyo inapokaa, atajua wiki gani unakwenda zamu ya usiku. Akimaliza kazi atakupa namba ya siri ambayo ni yeye mwenyewe aliyeiweka. Je, ulimwuliza karatasi yake?

Wengi wetu hatuulizi. Kwetu Kongo makampuni ya walinzi yanaomba ruhusa kwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Lakini fundi anayekuja peke yake na sanduku lake, mara nyingi tunamwuliza bei tu.

Tunaandika habari hii kwa sababu mafundi wengi wa umeme wa mgodini, wakikaribia pansheni, wanafikiri juu ya kazi hii. Watoto wetu nao wanaifikiri. Vijana wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wamepita Kasumbalesa kwenda kutafuta kazi Afrika Kusini, na huko alarmu ni kitu cha kila siku. Kijana aliyejifunza umeme anaona kazi hiyo ni nyepesi. Anashangaa akiambiwa kwamba ujuzi wake hautoshi.

Sheria ya Afrika Kusini inasema nini

Sheria namba 56 ya mwaka 2001 inahesabu kufunga, kutunza na kutengeneza vyombo vya usalama kuwa kazi ya ulinzi, sawasawa na kazi ya mlinzi anayesimama mlangoni. Fundi wa makufuli pia yumo. Mtu anayefanya kazi hiyo kwa malipo lazima aandikwe kwanza katika shirika la serikali linaloitwa PSIRA. Kampuni inayomtuma lazima iandikwe vilevile.

Mwombaji awe na miaka 18 au zaidi. Awe amemaliza mafunzo yaliyowekwa. Anatoa alama za vidole vyake, nao wanatazama kama katika miaka 10 iliyopita alihukumiwa kwa makosa yaliyotajwa katika sheria hiyo, kama vile wizi. Polisi na askari wa jeshi hawaandikwi wakati wangali katika kazi ya serikali. Tena mwombaji awe raia, au awe na ruhusa ya kukaa daima. Hapo ndipo vijana wetu wengi wanakwama. Shirika linaweza kumkubali mgeni mwingine kama kuna sababu nzuri, lakini si jambo la kutegemea. Mzazi mwenye mtoto kule amwambie mapema, kabla hajakubali kubeba ngazi ya tajiri fulani anayemwambia karatasi zitakuja nyuma. Kufanya kazi bila kuandikwa ni kosa, na adhabu yake ni faini au kifungo.

Angalia vizuri masharti hayo. Sehemu kubwa haisemi neno juu ya waya. Inatazama mtu mwenyewe, sababu anayejua kufunga alarmu anajua pia kuizima.

Umeme wenyewe una karatasi zake mbali. Huko Afrika Kusini kazi ya waya za volti 230 za nyumba inatolewa cheti na fundi aliyeandikwa kwa Wizara ya Kazi. Afungaye ukuta wa waya zenye umeme naye anaandikwa huko kwa kazi hiyo peke yake. Ruhusa ya alarmu haimpi mtu haki ya kufungua sanduku kubwa la umeme la nyumba.

Kazi yenyewe

Wewe unayefanya kazi karibu na tapi, yaani mkanda unaobeba mawe, unajua ile kamba ya kuvuta ili mashine isimame. Umeme mdogo unapita ndani ya swichi zake wakati wote. Ukivuta kamba, au waya ukikatika, umeme huo unakatika na tapi inasimama. Alarmu iliyofungwa vizuri inafuata akili ileile. Umeme mdogo unazunguka kupita sumaku za milango na kurudi. Mlango ukifunguliwa, sireni inalia. Mwizi akikata waya, inalia vilevile. Fundi asiyejua hesabu hiyo anaweza kukufungia alarmu inayonyamaza waya ukikatwa, na wewe utalala ukijidanganya.

Chombo kingine ni jicho linaloona joto la mwili linalotembea. Likielekezwa kwenye mbabula yenye makala au dirisha linalopigwa na jua, litalia bure. (Mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, tulikwisha kusema katika ukurasa huu, inaua kuliko mwizi.) Alarmu inayolia bure kila usiku majirani wanaizoea, na siku ya mwizi hakuna atakayetoka.

Halafu batri. Umeme ukikatika, batri ndiyo inayobeba kazi. Batri ya kawaida ni ya volti 12 na ampea-saa 7. Kama vyombo vyote vinakula nusu ampea, hesabu ni saa 14. Lakini hiyo ni hesabu ya batri mpya iliyojaa. Palipo na ukosefu wa umeme wa siku mbili, batri inaisha kabisa, na ikiachwa hivyo mara nyingi inakufa. Ijaribuni kila mwezi: kateni umeme, fungueni mlango, sikilizeni. Batri ya zamani isitupwe penye watoto, ndani kuna risasi na asidi.

Hatari ya fundi mwenyewe haiko katika volti 12. Iko ukutani, anapotoboa bila kujua waya wa volti 220 unapita wapi, na iko juu ya ngazi. Mgodini hatugusi mashine kabla ya kukata umeme, kuweka kufuli yetu na kupima. Nyumbani ni vilevile, hata kama mwenye nyumba ananung'unika kwamba friji imezimwa.

Jambo moja tunaliomba kwa nguvu. Watu wakifunga alarmu, wanaongeza na vyuma vya madirisha na kufuli tatu mlangoni. Moto ukiwaka usiku, watoto watatoka wapi? Ufunguo ukae mahali pamoja karibu na mlango, mbali na mkono wa mtu wa nje, na kila mtoto apajue gizani.

Siku fundi anapomaliza, mwambie akate umeme na kuchomoa waya wa mlango mmoja mbele yako. Sireni ilie. Andika jina lake na namba ya karatasi yake. Kisha, kabla hajafika mwisho wa barabara, geuza namba ya siri wewe mwenyewe.