Injini Hainyanyuliwi, Fremu Ndiyo Huinuliwa
Akina mama, pikipiki kubwa ikifunguliwa uani kwetu, tusikae mbali. Injini ya Honda CB750, iliyotoka mwaka 1969, ina kilo 80 hivi. Mtu mmoja akiing'ang'ania, huumia mgongo au husagika vidole.

Ipo njia nyepesi. Toeni petroli na oili, mbali na jiko na watoto. Ondoeni betri, maana asidi humwagika pikipiki ikilazwa. Fungueni tangi, kabureta, eksozi, cheni, nyaya na magurudumu. Ilazeni ubavu juu ya mablanketi makuukuu, mfungue bolti za injini. Kisha watu wawili wainue fremu. Injini itabaki imelala palepale.

Vipuri hununuliwa dukani. Mgongo wa baba watoto haununuliwi.