Jeni za Wasan zafichua historia ndefu ya binadamu

WANAOTAFUTA asili ya binadamu huchimba ardhini wakisaka mifupa. Lakini ipo kumbukumbu nyingine isiyohitaji jembe, nayo imo katika damu ya kila mmoja wetu. Kumbukumbu hiyo ni pana mno miongoni mwa jamii za Khoe-San, yaani Wasan, ambao jadi yao ni uwindaji, na Wakhoekhoe wafugaji, wanaoishi hasa Namibia, Botswana na Afrika Kusini.

Mnamo 2010, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya Wasan wanne wa Namibia pamoja na Askofu Mkuu Desmond Tutu, aliyefariki 2021. Ilibainika kuwa Wasan wawili wanaoishi katika jangwa lile lile la Kalahari huweza kutofautiana kijeni kuliko Mzungu na Mwasia. Tutu naye alipatikana kuwa na nasaba ya Wasan upande wa mama.

Je, kwa nini hali iwe hivyo? Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko machache katika DNA ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Mabadiliko hayo hulimbikizwa kizazi baada ya kizazi. Watu waliohama Afrika na kuenea duniani, yapata miaka 60,000 iliyopita, walikuwa wachache. Walikuwa mithili ya mkulima anayehama na konzi moja ya mbegu, akaacha nyuma ghala lenye mbegu za kila aina.

Kwa kuhesabu mabadiliko hayo, wataalamu hukadiria wakati ambapo koo za kale zilitengana. Mnamo 2017, DNA kutoka kwa mifupa ya mvulana aliyeishi Ballito Bay, Afrika Kusini, takriban miaka 2,000 iliyopita, ilionyesha kuwa tawi la Khoe-San lilianza kujitenga na mengine kati ya miaka 350,000 na 260,000 iliyopita.

Hata hivyo, ni kosa kuwaita Wasan "watu wa kale" waliosahauliwa na wakati. Nasaba ya kila binadamu ina umri sawa, na hakuna jamii iliyosimama tuli. Ithibati ni Wanama, ambao ni Wakhoekhoe. Baadhi yao wana jeni ya kumwezesha mtu mzima kumudu maziwa, ile ile ipatikanayo kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania. Ilifika kusini na wafugaji kutoka Afrika Mashariki yapata miaka 2,000 iliyopita.

Utajiri huo wa jeni haujawaletea wenyewe utajiri wa mali. Wengi wao ni maskini, na ardhi ya mababu zao ilitwaliwa. Utafiti wa 2010 ulipochapishwa, viongozi wa Wasan walilalamika kwamba hawakushauriwa. Mnamo 2017, Wasan wa Afrika Kusini walizindua kanuni zao za maadili ya utafiti, wakidai heshima, uaminifu, haki na utu kutoka kwa kila mtafiti abishaye hodi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wasan wameufungulia ulimwengu kitabu cha asili yake. Wanachoomba ni kwamba wageni wanaokuja kukisoma wasiondoke na elimu yote, wakamwacha mwenyeji mikono mitupu.