Moshi wa Nyumbani Huwafungulia Virusi Mlango

Mwezi wa Juni ukifika, baridi ya nyanda za juu za Ngorongoro huingia mpaka mifupani. Kule Endulen na Nainokanoka, na hata huku Karatu, milango hufungwa mapema na moto hukokwa ndani. Miezi hiyo sisi wauguzi huwapokea watoto wengi wenye mafua, kikohozi na nimonia. Wazazi wengi hutuambia kuwa kisa ni baridi. Baridi ina sehemu yake, lakini anaye mwenzake ambaye hatajwi: moshi.

Ugonjwa husafirije hewani?

Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, akiongea au akiimba, hutoa matone ya mate. Makubwa huanguka chini upesi. Yale madogo kabisa hubaki yakielea, na mwingine aliyemo chumbani huyavuta. Ndivyo mafua makali, korona na surua vinavyoambukizwa. Virusi vya surua huweza kubaki katika hewa ya chumba hata saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alipotangazwa hapa mkoani Arusha, tarehe 16 Machi 2020, tulijifunza kwa bidii kunawa mikono. Somo la hewa ya chumba bado tunalihitaji.

Moshi unafanya nini mwilini?

Moshi wa kuni, mkaa, samadi kavu na koroboi una chembechembe ndogo mno. Zinazodhuru zaidi hazizidi maikroni 2.5, wakati unywele mmoja wa kichwa una unene wa maikroni kama 70. Vumbi jekundu la njia zetu wakati wa kiangazi linawasha, lakini sehemu kubwa ya chembe zake hunaswa puani na kooni. Chembe za moshi hufika ndani kabisa ya mapafu. Huko huleta madhara matatu.

Kwanza, hudhoofisha vinyweleo vidogo vya njia ya hewa, ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu na vijidudu kuvitoa nje. Pili, huwachosha askari wa mwili walioko mapafuni, wasiweze kupambana na vijidudu ipasavyo. Tatu, moshi hukohoza. Mgonjwa anayekohoa zaidi humwaga virusi zaidi, na wanaolala naye chumba kimoja huvivuta.

Wengine huuliza: je, chembe za moshi zenyewe hubeba virusi? Mwaka 2020 wataalamu wa Italia walikuta alama za virusi vya korona katika chembe za hewa ya mji wa Bergamo. Lakini kukuta alama si kukuta virusi hai vyenye nguvu ya kuambukiza, na jambo hilo halijathibitishwa. Kilicho wazi ni kwamba mapafu yaliyoumizwa na moshi hushindwa upesi.

Mbona moshi husafisha kibuyu?

Swali hili tunaulizwa na akina mama wa Kimasai, na ni swali zuri. Kibuyu kikisafishwa kwa kijinga cha oloirien, yaani mzeituni wa porini, maziwa hukaa muda mrefu bila kuharibika. Ni kweli. Lakini kibuyu hakipumui. Moto unaogusa kibuyu kwa dakika chache si sawa na moshi ambao mtoto anauvuta usiku kucha. Moshi hufukuza inzi, haufukuzi virusi.

Wenzetu wamejifunza nini?

Huko Laikipia, Kenya, watafiti walifuatilia kaya 55 zinazopika kwa kuni na mkaa. Matokeo yao ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi, ndivyo anavyougua zaidi magonjwa ya njia ya hewa. Guatemala, majiko yenye bomba la kutolea moshi nje yalipunguza moshi anaovuta mtoto kwa karibu nusu, na nimonia kali ikapungua. Lakini Malawi, majiko ya moshi kidogo yaliyotolewa vijijini hayakupunguza nimonia kwa watoto, kama matokeo ya mwaka 2016 yalivyoonyesha. Fundisho ni kwamba jiko peke yake halitoshi. Moshi lazima utoke nje.

Tufanye nini nyumbani?

1. Toboa tundu chini ya paa, upande usiopigwa na upepo, na lingine upande wa pili. Tundu linalotoa moshi ndilo linalotoa virusi. Mtoto afunikwe blanketi, nyumba isizibwe.

2. Kausha kuni vizuri. Kuni mbichi zina moshi mwingi.

3. Usipike ukiwa umembeba mtoto mgongoni. Kiangazi, pika nje.

4. Anayekohoa alale karibu na tundu la hewa, mbali na watoto wachanga.

5. Usilale na jiko la mkaa ndani. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo inaua.

6. Kamilisha chanjo: ya nimonia wiki ya 6, 10 na 14, ya surua na rubela miezi 9 na 18.

Akina baba, kazi hii si ya mama peke yake. Bomba la moshi na tundu la ukutani vinahitaji mkono wenu na fedha yenu.

Dalili za hatari

Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 kamili. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 4, ni 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje gari la mnada.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema. Lakini mtoto wako anapumua leo, na tundu la ukutani unaweza kulitoboa kabla ya jua kuzama.