Mtoki kwa aliyepandikizwa figo

Hapa kwetu Kiuyu mtu akitoka mtoki, la mwanzo tunamtazama mguu. Amekatwa na jiwe au chaza pwani kwenye mwani, uchafu umeingia, na tezi za kinena zimevimba kwa kupambana nao. Kidonda kikipona, mtoki nao hunywea.

Hesabu hiyo haimtoshi aliyewekewa figo ya nduguye. Zamani wagonjwa wetu walilazimika kupelekwa India. Tangu Novemba 2017 kazi hii hufanyika Muhimbili, na tangu 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Basi ni vyema jamaa wa nyumbani wakalijua jambo hili.

Mwili huiona figo mpya kuwa ni mgeni na hutaka kuitoa. Ndiyo maana mgonjwa humeza kila siku dawa za kushusha kinga, kama takrolimasi na prednisoloni. Askari wa mwili wanapumbazwa, figo inasalimika, lakini maradhi nayo yanapata mwanya. Tezi ikivimba shingoni, kwapani au kinenani, huenda ni kidonda tu. Huenda pia ni kifua kikuu cha tezi, ambacho chaweza kuja bila ya kikohozi, na homa yake ikawa ndogo kwa kuwa kinga imelala.

Liko na la tatu. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona humo. Wengi wetu tunacho tangu utotoni, tumekipata kwa mate, nacho kimetulia. Kinga ikishushwa huamka, chembe za damu zikazaana ovyo, tezi zikavimba, na pengine ikawa saratani. Hutokea zaidi mwaka wa kwanza, lakini hata baada ya miaka mingi huja. Mtoto ambaye hajawahi kukipata, akapewa figo ya mtu anacho, yuko hatarini zaidi.

Kwa macho na vidole hatuwezi kuyatenga maradhi haya. Mara nyingi lazima tezi ikatwe ikapimwe. Najua wapo wanaosema kisu kikigusa uvimbe hutambaa, na kwa maneno hayo mgonjwa hukaa miezi nyumbani akichanjwa na kukandwa.

Hatari nyengine ni duka la dawa. Erithromaisini huipandisha takrolimasi katika damu hadi ikaidhuru figo. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha, na mwili ukaishambulia figo. Kwa hiyo anayetibu kifua kikuu na daktari wa figo lazima wawasiliane. Habbat sauda na dawa za miti zitajwe pia, wala hatutamgombeza mtu.

Saratani hiyo mara nyingi huanza kutibiwa kwa kupunguza dawa za kinga. Mwenye kupunguza ni daktari, kwa kipimo. Mgonjwa akijipunguzia mwenyewe, figo yaweza kufa akarejea kwenye mashine ya kusafisha damu.

Basi akihisi tezi, asingoje ipoe. Aje mapema na dawa zake zote mkononi. Siku ya kupimwa takrolimasi, dozi ya asubuhi asiimeze mpaka atolewe damu kwanza.