Mpungate Nyumbani: Tunda, Ua na Tahadhari Zake

Mwezi huu tunazungumzia mmea ambao wengi tunaupita njiani bila kuutazama: mpungate, ambao wengine huuita dungusi. Wapo wanaotuuliza kama matunda yake yanaliwa. Wapo pia wanaotuletea mtoto mwenye macho mekundu yaliyovimba, wakisema ameingiwa na maji ya ua. Wote tunawaanzishia mahali pamoja: ujue kwanza mmea ulio nao uani.

MPUNGATE AU MNYAA?

Asili ya mpungate ni Amerika, hasa Meksiko, kama ilivyo asili ya mkonge wetu. Tanga tunakumbuka kuwa Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, na ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Mimea yote miwili huweka akiba ya maji mwilini, kwa hiyo huvumilia kiangazi.

Vile vipande bapa vya mpungate tunavyoviita majani ni mashina. Vina vidoa vingi, na kwenye vidoa hivyo mna miiba mirefu na pia vimiiba vidogo kama unywele. Hivi vidogo ndivyo vinavyosumbua zaidi, maana ncha zake zina kulabu. Hata mpungate usio na miiba mirefu huwa navyo.

Mnyaa ni mmea mwingine kabisa. Una vijiti vya kijani vya mviringo, vyembamba kama penseli. Ukiukata, hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ambao huunguza ngozi na unaweza kupofusha jicho. Mpungate ukikatwa hutoa ute usio na rangi, unaoteleza kama wa bamia. Shika kanuni hii: ukiona maziwa, si mpungate. Usionje, na usiguse macho.

JINSI YA KUPANDA

1. Kata kipande kilichokomaa kwenye kiungo chake, ukivaa glavu nene au ukitumia koleo.
2. Kiweke kivulini wiki moja au mbili hadi kidonda kikauke. Kikipandwa kibichi huoza.
3. Chagua mahali penye jua na udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Kama udongo wako ni mfinyanzi, inua tuta.
4. Zika robo ya kipande tu, na usimwagilie mpaka kianze kushika mizizi.

Huku pwani adui wa mpungate ni maji ya masika yanayotuama. Wasomaji wa Lushoto wasihofu baridi: ziko jamii za mpungate zinazostahimili theluji hata Kanada. Huko milimani nako tafuta mteremko unaopata jua na usiotuamisha maji.

Usipande karibu na mlango, kisima, wala mahali watoto wanapochezea. Mabaki usiyatupe porini, kwa sababu kila kipande huweza kuota. Huko Laikipia, Kenya, aina moja fupi yenye matunda ya zambarau ilipandwa kama ua wakati wa ukoloni, ikaenea ikameza malisho. Mbuzi wanaokula matunda yake huumia midomo na matumbo kwa miiba. Mwaka 2014 wataalamu walianza kuwaachia huko wadudu wanaoushambulia mmea huo.

KULA KWA USALAMA

Tunda la mpungate lina vitamini C na nyuzinyuzi. Eritrea na kaskazini mwa Ethiopia huitwa beles, na huuzwa barabarani. Chuma kwa koleo. Lisugue kwa mchanga au lipitishe juu ya moto ili vimiiba viondoke, kisha lioshe. Kata ncha zote mbili, pasua ganda kwa urefu na ulivue. Usimpe mtoto tunda lisilomenywa.

Mbegu zake ni ngumu. Anayekula matunda mengi kwa mara moja, hasa mtoto mwenye njaa, anaweza kufunga choo hata utumbo ukaziba. Machache yanatosha, na maji ya kunywa yafuate.

Huko Meksiko vipande vichanga hutolewa miiba na kupikwa kama mboga. Husemwa pia kuwa hushusha sukari mwilini. Ni kweli kwamba vyaweza kupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya mlo, lakini havichukui nafasi ya dawa. Mgonjwa wa kisukari asiache vidonge wala sindano yake, na amweleze daktari kabla ya kuvitumia mara kwa mara, maana sukari inaweza kushuka mno.

HUDUMA YA KWANZA

Vimiiba kwenye ngozi: usifikiche, wala usivitoe kwa meno. Toa vinavyoonekana kwa kibano. Kwa vilivyobaki, paka gundi ya karatasi, weka kitambaa chembamba juu yake, acha ikauke, kisha vuta. Osha kwa maji na sabuni. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda, na mwenye kisukari aliyechomwa mguuni aje mapema.

Kimiiba kwenye jicho: usisugue wala usijaribu kukitoa. Funika jicho bila kulikandamiza, uende hospitali.

Maziwa ya mnyaa machoni: osha papo hapo kwa maji safi mengi, yakitiririka kwa dakika ishirini au zaidi, kisha uje hospitali siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepungua. Usitie maziwa ya mama, mafuta wala dawa ya majani. Hayasaidii, na yanaweza kuleta vijidudu katika jicho lililokwisha kuungua.

Wazazi, leo jioni zungukeni ua pamoja na watoto. Waonyesheni mnyaa ni upi na mpungate ni upi, na wafundisheni kukimbilia maji kwanza. Jicho la mtoto huokolewa katika dakika zile za mwanzo, kabla hajafika kwetu.