Kulala kisiwani Bunyonyi: kwa nini huko na si Ziwa Nakivale?

Kwa mkazi wa Nakivale, hema si kitu cha starehe. Wengi waliulala usiku wao wa kwanza nchini Uganda chini ya turubali, na hawautamani tena. Hata hivyo, katika Ziwa Bunyonyi karibu na Kabale, mwendo wa takriban kilomita 140 kutoka Mbarara kwa barabara ya Ntungamo, kuna watu wanaolipa fedha ili walale hemani katika kisiwa kidogo, baada ya kuuendesha mtumbwi wenyewe hadi huko. Anayeishi kando ya Ziwa Nakivale ana haki ya kuuliza kwa nini jambo hilo lisifanyike hapa nyumbani.

Jibu ni viboko. Ziwa Nakivale ni la kina kifupi, lenye mafunjo na majani mengi kandokando, nalo ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo-Nakivale iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mazingira hayo humfaa kiboko. Giza likiingia hutoka majini kwenda kula nyasi, na hurejea kabla ya mapambazuko. Hema lililosimamishwa ufukweni huwa limemzibia njia ya kurudia majini. Mchana, mtumbwi mdogo unaompitia karibu waweza kupinduliwa. Wavuvi wa Nakivale hawahitaji kufundishwa hayo.

Bunyonyi halina viboko wala mamba. Lilizaliwa maelfu ya miaka iliyopita, lava ya volkano ilipoziba bonde la mto, na ndiyo sababu kingo zake ni milima inayotumbukia moja kwa moja majini. Visiwa vyake vinatajwa kuwa 29. Baadhi, kama Bushara na Itambira, vina mahali pa kupiga kambi. Bwama kilikuwa makao ya wagonjwa wa ukoma tangu enzi za ukoloni, chini ya daktari mmisionari Leonard Sharp. Akampene, chenye miti michache tu, ndicho walikoachwa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, wafe kwa njaa au wachukuliwe na mwanamume asiye na mahari. Wageni hukipiga picha wakipita. Ni vyema wajue wanachokipiga.

Chombo nacho kinahitaji maelezo. Kayaki asili yake ni kwa watu wa nchi za barafu za kaskazini: ni chembamba, kimefunikwa juu, na kafi lake lina bapa pande zote mbili. Mtumbwi wa Bunyonyi ni gogo la mkaratusi lililochongwa, na kafi lake lina bapa moja. (Sisi watafsiri huandika “kasia” kwa haraka, ilhali kasia hushikizwa ubavuni mwa chombo na kafi halishikizwi.) Mgeni akipiga kafi upande mmoja tu, mtumbwi huzunguka papo hapo, na wenyeji hucheka. Siri iko kwa anayekaa tezi: kila amalizapo kuvuta, huusukuma ubapa nje kidogo ili omo irudi kwenye mstari.

Kicheko hicho kisimsahaulishe mtu hatari ya maji. Tarehe 22 Machi 2014, boti iliyowabeba wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirejea kwao ilizama katika Ziwa Albert, na zaidi ya watu 100 wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kwa hiyo jaketi la kuokoa maisha livaliwe na kufungwa tangu gatini, lisikaliwe kama mto. Na mizigo ipunguzwe kabla ya watu kupanda. Ni afadhali kuvuka asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujaanza kuinua mawimbi.

Ziwa liko takriban mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku ni wa baridi kuliko Nakivale: blanketi moja halitoshi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea nchini ndani ya mipaka ya sheria, lakini njiani kitambulisho huenda kikaulizwa. Kifungwe ndani ya kaveera pamoja na simu, kwa maana mtumbwi wa gogo huingiza maji hata ziwa likiwa shwari.