Kikombe Kidogo cha Kahawa, Mbarara na Nakivale

Ndugu askari atokaye zamu ya usiku mjini Mbarara, aghalabu humngoja kibandani chai ya maziwa na chapati. Si ajabu, kwani hii ni nchi ya ng'ombe wa Ankole. Lakini Uganda ni miongoni mwa nchi ziuzazo kahawa nyingi kabisa barani Afrika, na wananchi wake wengi hawainywi!

Katika mikahawa ya jiji yenye mashine, agiza espreso. Asili yake ni Italia. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano aliomba hati ya uvumbuzi wa mashine yake. Maji ya moto husukumwa kwa nguvu ndani ya unga wa kahawa ulioshindiliwa, na baada ya nusu dakika hivi hutoka mafunda mawili tu, mazito, yenye povu la hudhurungi. Povu likififia mara moja, huenda buni imechakaa. Ladha ikiwa ya majivu, imeungua. Sukari ingoje hadi umekwisha kuonja.

Kahawa ilimwayo zaidi pande hizi ni robusta, ambayo waonjaji wenye maringo huiita kahawa ya kukwaruza. Hata hivyo Waitalia wengi huichanganya katika espreso yao kwa ajili ya povu na nguvu. Kafeini yake hukaribia maradufu ya arabika. Basi anayetaka kulala mchana atosheke na kikombe kimoja.

Lakini kikombe kistahilicho safari kiko Nakivale, wilayani Isingiro, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waeritrea na Waethiopia. Mashine haihitajiki. Mama wa Kihabeshi hukaanga buni mbichi mbele ya mgeni, huitwanga, kisha huichemsha katika jebena, chungu chenye shingo ndefu. Buni ile ile hutoa vikombe vitatu: abol, tona na baraka.

Kuaga kabla ya cha tatu ni utovu wa adabu. Polisi mwenye haraka na daftari mkononi hupewa majibu mafupi. Aketiye husikia nani amepotelewa na mtoto njiani, na nani anagombania mpaka wa shamba. Mara nyingi husikia kwa Kiswahili, lugha ya kambini kwake, kwani Wakongo ni wengi. Kikombe cha baraka ni chepesi, karibu kama chai.